Simu ya Upepo Mwambani

Watu wawili wanapofanya kazi kwa kamba moja, maisha ya mmoja yamo mikononi mwa mwenzake. Aliyewahi kuchimba kisima analijua jambo hili. Mmoja yuko chini shimoni. Mwingine yuko juu, ameshika kamba. Wa chini akisema "Vuta", wa juu huvuta. Akisema "Ngoja", hungoja. Wasiposikilizana, ndoo ya mawe inaweza kumwangukia mtu kichwani.

Wapanda majabali nao hufanya kazi kwa kamba moja. Lakini wao huwa mbali zaidi, na upepo mkali huvuma kati yao. Kwa hiyo baadhi yao huchukua simu ya upepo. Katika somo hili tutaona simu hiyo ni nini na hutumiwaje mwambani. Tutaona pia kwa nini neno moja lililokatika linaweza kuua mtu.

1. Majabali ya Mlima Kenya

Mlima Kenya una vilele vingi. Vilele vitatu vina majina ya viongozi wa kale wa Wamaasai. Batian una urefu wa mita 5,199 kutoka usawa wa bahari. Nelion una mita 5,188. Lenana una mita 4,985.

Lenana hupandwa kwa miguu. Batian na Nelion haviendeki hivyo. Ni majabali matupu, yamesimama kama ukuta. Apandaye huko hutumia mikono, miguu na kamba. Watu wa kwanza kufika kilele cha Batian walifika mwaka 1899. Nelion ulipandwa kwanza mwaka 1929.

2. Kazi ya kamba

Wapandaji wawili hufungwa kwenye ncha mbili za kamba moja. Mara nyingi kamba hiyo ina urefu wa mita 50 au 60. Wa kwanza kupanda tutamwita mtangulizi. Wa pili tutamwita mshika kamba.

Mtangulizi hupanda. Njiani hutia vyuma katika nyufa za mwamba na kupitisha kamba humo. Mshika kamba hukaa chini. Kamba hupita katika kifaa cha kuibana kilichofungwa kwenye mkanda wake. Mtangulizi akiteleza, mshika kamba huibana kamba, naye mtangulizi huning'inia badala ya kuanguka hadi chini.

Mtangulizi akifika mahali pazuri pa kusimama, hujifunga kwenye mwamba. Hapo tu ndipo mshika kamba anaweza kuiachia kamba. Kisha mtangulizi huvuta kamba iliyobaki, huibana kwake, na mwenzake hupanda.

Tazama, ndugu msomaji, hatari iko wapi. Kuna dakika moja ambapo mshika kamba anaachia. Akiachia baada ya mwenzake kujifunga, ni sawa. Akiachia kabla, mwenzake hana cha kumshika. Wakati huo mara nyingi hawaonani, kwa maana jiwe limewakinga. Kinachobaki ni neno tu.

3. Simu ya upepo ni nini?

Simu ya upepo ni chombo cha kusema na kusikia bila waya. Chombo cha mkononi ni kidogo, kina betri na antena. Wengine hukiita redio.

Chombo hiki si kama simu ya kawaida. Katika simu ya kawaida watu wawili wanaweza kusema kwa pamoja. Katika simu ya upepo ni zamu kwa zamu. Ukitaka kusema, bonyeza kitufe. Ukimaliza, kiachie, usikilize. Ukiwa umekibonyeza, humsikii mwenzako. Wote wawili wakibonyeza kwa pamoja, hawasikilizani. Ndiyo sababu asemaye humaliza kwa neno "ova", maana yake, "Nimemaliza, sema wewe."

Sauti husafirishwa na mawimbi ambayo macho hayayaoni. Mawimbi ya vyombo hivi huenda karibu sawa na mwanga wa tochi, yaani hunyooka. Mahali peupe yanaweza kufika kilomita kadhaa. Mlima ukiwa katikati, huzuiwa. Kwa hiyo ukiwa nyuma ya jabali na husikii kitu, sogea mahali palipo wazi zaidi, kama unaweza kusogea salama. Simamisha antena wima. Usiishike kwa mkono.

Siku hizi watu wengi wana simu za mkononi. Zinafaa sana mahali penye mtandao. Lakini katika makorongo ya mlima mtandao hukatika. Tena mtu anayeshikilia mwamba kwa mkono mmoja hawezi kutafuta namba. Simu ya upepo huhitaji kidole kimoja tu.

4. Neno lililokatika

Chombo hiki kina tabia moja ambayo kila mtumiaji lazima aijue. Ukibonyeza kitufe na kusema papo hapo, mwanzo wa neno lako unaweza kupotea. Chombo huhitaji kitambo kidogo ili kiwe tayari. Mwenzako atasikia neno lisilo na kichwa.

Sasa fikiri juu ya lugha yetu. Katika Kiswahili, neno la kukataza huwa na alama yake mwanzoni. Tunasema "Usiachie". Mwanzo ukikatika, kinachosikika ni "achie". Tunasema "Usilegeze". Mwanzo ukikatika, kinachosikika ni "legeze". Mtu amekataza, mwenzake amesikia ameamriwa!

Hata habari hugeuka. Mtangulizi anasema, "Sijajifunga." Mshika kamba anasikia "... jifunga." Anadhani mwenzake amesema, "Nimejifunga." Anaiachia kamba. Wazee walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Kuna dawa mbili za jambo hili.

Dawa ya kwanza ni kungoja. Bonyeza kitufe. Hesabu moyoni: moja, mbili. Ndipo useme. Ukimaliza neno la mwisho, ndipo uachie kitufe, maana mwisho wa neno nao hukatika.

Dawa ya pili ni kutokataza. Badala ya kusema usichotaka, sema unachotaka. Usiseme "Usiachie". Sema "Shika". Usiseme "Sijajifunga". Sema "Shika". Neno "shika" hata likikatika, halifanani na "achia".

5. Maneno ya kukubaliana

Kabla ya kuondoka chini, wapandaji wakubaliane juu ya maneno machache. Kila neno liwe na maana moja tu, na lisifanane na jingine. Mfano ni huu:

SHIKA: Bana kamba, mimi bado.
VUTA: Punguza kamba iliyolegea.
LEGEZA: Nipe kamba zaidi.
SALAMA: Nimejifunga mwambani, waweza kuachia.
PANDA: Nimekushika, njoo.

Kusiwe na maneno ya ziada. Mtu akisema, "Vuta hiyo kamba uliyoilegeza," mwenzake anaweza kusikia "legeza" peke yake, akafanya kinyume.

Inafaa pia kila mmoja awe na jina la kuitwa. Huenda kuna wapandaji wengine jirani wanaotumia chaneli hiyo hiyo. Ukisikia "Salama" bila jina, huenda si mwenzako aliyesema. Ni mtu mwingine, wa kamba nyingine.

6. Mfano wa mazungumzo

Tuseme mtangulizi anaitwa Tai, na mshika kamba anaitwa Pimbi. Tai amefika juu na amejifunga.

Tai: Pimbi, Pimbi, huyu ni Tai. Salama. Ova.
Pimbi: Tai, huyu ni Pimbi. Nimesikia Tai yuko salama. Niachie kamba? Ova.
Tai: Pimbi, huyu ni Tai. Ndiyo, achia kamba. Ova.
Pimbi: Tai, huyu ni Pimbi. Naachia kamba. Ova.

Umeona? Pimbi hakuachia aliposikia neno la kwanza. Alilirudia, akangoja jibu. Kama angekuwa amesikia vibaya, Tai angejibu "Shika". Kurudia huchukua nusu dakika. Nusu dakika hiyo si hasara.

Sema kwa sauti ya kawaida. Kupiga kelele huiharibu sauti katika chombo. Weka chombo mbali na mdomo kwa upana wa vidole vitatu au vinne. Upepo ukivuma, upe kisogo, au kinga chombo kwa mwili wako.

7. Kuitunza simu

Funga simu kwa kamba nyembamba kwenye mkanda wa begani au kifuani. Simu ikiponyoka kutoka juu, ni jiwe kwa aliye chini.

Angalia kitufe kisibanwe na mkanda au kamba. Kitufe kikibaki kimebonyezwa, chombo chako kitaendelea kutuma. Wewe hutasikia mtu, na unaweza kuwazuia wengine katika chaneli hiyo.

Jaza betri kabla ya safari. Baridi hupunguza nguvu ya betri, na usiku Mlima Kenya hushika barafu. Weka simu na betri ya akiba ndani ya koti, karibu na mwili. Usiku lala nayo.

Jaribu simu mkiwa bado chini, mtu mmoja akisogea mbali kidogo. Mwambani si mahali pa kujifunzia vitufe. Tena uliza sheria za nchi yako kabla ya kununua. Vyombo vingi vya aina hii huhitaji kibali cha Serikali.

8. Simu ikinyamaza

Simu ni chombo. Chombo huharibika. Basi kumbuka kanuni hii kuliko zote: kimya si ruhusa. Usiposikia neno, endelea kushika. Ukisikia nusu ya neno, endelea kushika, kisha uliza.

Wapandaji wakubaliane mapema watafanya nini simu ikifa. Wengine hutumia filimbi. Wengine huvuta kamba kwa nguvu mara walizopatana. Lakini kamba ndefu iliyopinda huweza kudanganya. Mtangulizi anapoivuta ili apande, wa chini anaweza kudhani ni ishara. Kwa hiyo ishara ziwe chache, zihesabike, na zirudiwe.

9. Kuomba msaada

Tarehe 5 Septemba 1970, madaktari wawili kutoka Austria walikuwa juu ya Batian. Majina yao ni Gert Judmaier na Oswald Oelz. Walipoanza kushuka, jiwe kubwa liling'oka. Judmaier akaanguka, mguu wake ukavunjika vibaya. Ilibidi Oelz amwache juu na kushuka mwenyewe kutafuta msaada.

Wanachama wa chama cha wapanda milima cha Kenya walipanda kumwokoa. Rubani wa helikopta, Jim Hastings, alikufa helikopta yake ilipoanguka mlimani. Baadaye walikuja waokoaji kutoka Austria. Judmaier aliteremshwa akiwa hai, baada ya siku nyingi za mateso juu ya mwamba.

Simu ya upepo isingelizuia jiwe lile. Lakini mtu hushuka jabali kwa saa nyingi, na habari hushuka kwa dakika moja. Kwa aliyevunjika mguu kwenye baridi, tofauti hiyo ni kubwa.

Mtu aliyeogopa husema maneno mengi na kusahau la maana. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza kitufe, chukua karatasi na penseli. Andika mambo matano:

Mimi ni nani?
Tuko wapi?
Kumetokea nini, na lini?
Walioumia ni wangapi, na hali zao?
Tunahitaji nini?

Kisha soma ulichoandika, polepole. Anayepokea naye aandike, halafu akusomee. Hapa kusoma na kuandika huokoa maisha ya mtu.

Kama hakuna simu, tumia filimbi au tochi. Toa ishara 6 katika dakika moja. Pumzika dakika moja. Kisha rudia. Ishara hii hujulikana milimani katika nchi nyingi. Anayejibu hutoa ishara 3 kwa dakika.

Mambo ya kukumbuka

Bonyeza, hesabu mbili, ndipo useme.
Sema unachotaka, si usichotaka.
Taja jina la unayemwita na jina lako.
Rudia ulichosikia kabla ya kutenda.
Kimya si ruhusa.

Mambo haya si ya mlimani tu. Yanamfaa mchimba kisima, mvuvi, mlinzi wa usiku, na kila mtu ambaye neno lake linashika uhai wa mwingine.

Maswali

1. Mshika kamba aachie kamba wakati gani?
2. Kwa nini watu wawili hawawezi kusema kwa pamoja katika simu ya upepo?
3. Neno "Usilegeze" likikatika mwanzo, mwenzako atasikia nini?
4. Badala ya kusema "Usiachie", utasema neno gani?
5. Kwa nini simu ifungwe kwa kamba nyembamba?
6. Andika katika daftari lako habari ya kuomba msaada kwa mtu aliyeumia kijijini kwako. Tumia yale mambo matano. Kisha msomee mwenzako, naye akurudie alichosikia.