Kumbukumbu na Usemi Skizofrenia Inapoanza: Mfano wa Kiswahili cha Kasongo na Kabambare

Skizofrenia, maradhi ya akili yaliyoelezwa kwa jina hilo katika kitabu cha daktari Mswisi Eugen Bleuler mwaka 1911, mara nyingi huanza katika ujana. Pengine kabla ya kusikia sauti zisizo na msemaji, kijana huanza kusahau alilotumwa au kujibu asiloulizwa. Nyumbani, Kasongo na Kabambare kama kwingineko, hayo huweza kuitwa uvivu, kiburi au hata ulozi, na miezi ikapita. Ucheleweshaji huo una gharama: kadiri maradhi yanavyokaa bila matibabu, ndivyo nafuu inavyokuwa ngumu.

Kumbukumbu ya maneno ndiyo huathirika sana. Mtu akisomewa mchele, jembe, mbuzi, muhogo, panga na kuku, kwa kawaida huyapanga kimoyomoyo: vyakula pamoja, zana pamoja, wanyama pamoja. Mgonjwa aghalabu hayapangi, naye hukumbuka machache. Lakini akiulizwa kama panga lilitajwa, huweza kulitambua. Neno, basi, halikufutika lote.

Katika usemi, viambishi vya sentensi moja moja husalimika kwa kiasi kikubwa. Kinacholegea ni uzi unaoziunganisha. Chukua usemi huu: “Baba alimukuta mjomba sokoni, akamupa feza, akaenda.” Nani aliyekwenda? Kiambishi a- hakimtofautishi baba na mjomba. Msimulizi anayemjali msikilizaji angeongeza “yule mjomba”. Mgonjwa huenda akaendelea na a- hiyo hiyo hata watu watatu wakawa kama mmoja.

Hapa ndipo mpimaji awezapo kupotoka. Kiswahili cha Maniema, ambacho wakoloni walikiita Kingwana, kilienea katika karne ya 19 pamoja na misafara ya akina Tippu Tip, nayo Kasongo ikawa mojawapo ya ngome zao kuu. Kina kanuni zake. “Kitabu yangu” si dalili ya ugonjwa. Wala Mbangubangu wa Kabambare anayechanganya Kibangubangu, Kiswahili na Kifaransa hajavurugikiwa, ikiwa ndivyo jirani zake wasemavyo. Mkalimani naye, kwa nia njema kabisa, huunyoosha usemi uliopinda kabla haujamfikia daktari. Hivyo kilicho kigonjwa kikafichika, na kilicho cha lahaja kikashukiwa.

Njia inayofaa ni hadithi fupi katika Kiswahili cha pale pale, isimuliwe upya papo hapo na tena baada ya nusu saa, irekodiwe, iandikwe kama ilivyotamkwa, kisha ilinganishwe na usimulizi wa ndugu wa rika lake mwenye elimu iyo hiyo. Hata hivyo usemi peke yake hauthibitishi maradhi. Malaria ya ubongo, kifafa na bangi huweza pia kuuvuruga, na wako wagonjwa wa skizofrenia wasemao sawasawa.