Dawa ya Usingizi Inaenda Wapi?

Mara nyingi mgonjwa anayengoja kupasuliwa anasema: "Munganga, mimi sitaki sindano ya mgongo. Unipe ile gesi ya usingizi, ndiyo dawa ya kweli." Tufikiri pamoja juu ya neno hili.

Gesi ya usingizi ni msaada mkubwa. Tarehe 16 Oktoba 1846, huko Boston, Marekani, William Morton alimlaza mgonjwa kwa etha mbele ya wanganga. Kabla ya hapo wengi walishikwa kwa nguvu na kukatwa wakiwa macho. Siku hizi tunazo halothani, isoflurani na nyinginezo.

Lakini gesi hiyo haiishi mwilini. Sehemu kubwa inatoka tena kwa pumzi, inapita dirishani, inapanda angani. Huko inakuwa kama blanketi inayozuia joto la dunia lisitoke. Kilo moja ya desflurani inashika joto kama kilo 2,500 hivi za hewa ya ukaa, ile inayotoka tunapochoma makala. Kwa hiyo Umoja wa Ulaya umeikataza tangu 1 Januari 2026, isipokuwa pale ambapo hakuna dawa nyingine inayofaa. Gesi nyingine, nitrasi oksaidi, inakaa angani miaka 100 na zaidi.

Joto likizidi, mawingu yanabeba maji mengi. Nasi watu wa Bukavu tunajua mvua kubwa inavyobomoa nyumba za vilimani.

Wanganga wafanye nini?

1. Wafungue gesi kwa kiasi kinachotosha tu.
2. Wachunguze bomba zinazovuja. Gesi inayovuja inawadhuru hata wafanyakazi wa chumba cha upasuaji.
3. Watumie sindano ya mgongo inapofaa, kama kwa mama anayepasuliwa ili azae, au anayeshonwa fistula. Inatia ganzi toka kiunoni mpaka miguuni, wala haitoi gesi angani.

Na wewe mgonjwa, ufanye nini?

Usidhani sindano ile ni dawa ya maskini. Hata katika hospitali kubwa za Ulaya akina mama wengi wanapasuliwa kwa hiyo. Kama unaogopa, uliza, munganga atakueleza.

Lakini akisema unahitaji gesi, kwa mfano unapopasuliwa kifua, uikubali bila hofu. Hakuna anayepaswa kuvumilia maumivu ili kulinda hewa. Tunalokataa ni kupoteza bure. Uzima wako ni wa kwanza. Na hewa ya watoto wako, tuitunze pia.