"Mtani, Mnyama Hufungwa, Hauawi": Ucheshi wa Kiswahili katika Matangazo ya Uhifadhi, Mbulu na Hanang

Makala hii inajadili swali moja: tangazo la kuhifadhi wanyamapori linapokusudia kuchekesha, ni nani anayechekwa? Swali hili lina uzito wa pekee katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Huko Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi, Kidatoga cha jamii ya Kiniloti, Kihadza, ambacho hakijathibitika kuwa na nasaba na lugha nyingine yoyote, na lugha za Kibantu za majirani wa Singida hukutana mnadani kwa njia ya Kiswahili. Tangazo la Kiswahili huwafikia wote, ila haliwachekeshi wote.

Mazoea ya matangazo haya ni kuonya au kuhuzunisha. Hunukuliwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, au hutajwa kwamba tembo wa Tanzania walipungua kutoka zaidi ya 100,000 mwaka 2009 hadi takribani 43,000 mwaka 2014. Takwimu hizi ni nzito, lakini hazina mlango wa mazungumzo, anayezisikia hunyamaza. Kichekesho, kinyume chake, hudai jibu.

Shabaha iliyo karibu zaidi ni muuaji wa mnyama, na hapo ndipo hatari ilipo. Klima (1970) anaeleza kuwa kijana wa Kibarabaig aliyeua simba au tembo alitukuzwa na kutunukiwa mifugo na jamaa zake. Tangazo linalomchora kijana huyo kama mshamba halimcheki yeye peke yake, linawacheka waliomtukuza. Vivyo hivyo, kejeli dhidi ya "mla nyamapori" itamwangukia Mhadzabe wa Yaeda Chini, ambaye uwindaji kwake ni riziki, huku mfanyabiashara wa pembe akipita bila kuguswa.

Kiswahili kina utaratibu wake wa kumcheka mtu bila kumvunjia heshima, nao ni utani. Miongoni mwa walioandika mapema juu ya utani wa Tanganyika ni Moreau (1944), ambaye, jambo la kufurahisha kwa mada yetu, alikuwa mtaalamu wa ndege. Utani una sharti: anayecheka naye huchekwa. Mtangazaji asiyejulikana hana mtani, hivyo hana budi kuazima utani uliokwisha kukubalika.

Utani wa namna hiyo upo, nao umevuka mipaka ya makabila: Simba na Yanga, "watani wa jadi". Klabu iliyochukua jina la Simba mwaka 1971 huitwa Mnyama, na lugha ya mashabiki imejaa vitenzi vya kuua na kuchinja. Tuchukue tangazo tulilolitunga wenyewe, lisemwe na shabiki wa Yanga: "Mtani, Mnyama hufungwa, hauawi." Kwa mkabala wa Raskin (1985), kichekesho huzuka pale matini moja inapobeba skripti mbili zinazokinzana. Hapa nomino *mnyama* inabeba klabu na simba wa porini, na kitenzi *hufungwa* kinabeba bao na kamba. *Hauawi* ndicho kinachomrudisha msikilizaji porini. Kauli ya kutendwa nayo imefanya kazi kubwa: mtenda hatajwi, kwa hiyo hakuna kabila linalonyooshewa kidole. Anayechekwa ni shabiki wa Simba, ambaye atajibu Jumamosi ijayo.

Njia hii ina ukomo. Mzee asiyefuatilia kandanda atasikia kamba tu. Tena si kila mnyama ana klabu. Spishi kadhaa za tumbusi wa Afrika ziliwekwa mwaka 2015 katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Mzoga mmoja uliotiwa sumu ili kulipiza ng'ombe aliyeliwa na simba au fisi huwaua kwa makundi. Katika Kiswahili tumbusi amekwisha kuwa tusi la ulafi. Tangazo litakalomchekesha msikilizaji juu ya ulafi huo litampa sababu moja zaidi ya kutoujali mzoga ule, na hadi sasa hatujaona utani uliokwisha kukubalika ambao tumbusi angeweza kuuazima.