Homa ya Masika, Nywele za Mavuno

Kuna maneno mawili ambayo saluni zetu huyachanganya, na hatuwezi kwenda mbali bila kuyatenganisha. Nywele kukatika ni unywele kuvunjika njiani: shina linabaki kichwani, kipande kinabaki kwenye kitana. Nywele kunyonyoka ni unywele kutoka mzima, pamoja na kile kidoa cheupe kwenye ncha yake ya ndani, kidogo kama kichwa cha pini. Kukatika mara nyingi hutokana na yanayofanywa juu ya kichwa, kama dawa ya kulainisha, pasi ya moto au kitana cha haraka. Kunyonyoka kichwa kizima, bila kovu wala mabaka, mara nyingi huanzia ndani ya mwili. Hilo la pili ndilo linalotuhusu hapa.

Tuanze na jinsi unywele unavyoota. Kila unywele hutoka katika kijishimo cha ngozi kiitwacho kinyweleo, na kinyweleo hakifanyi kazi mfululizo. Kina awamu ya kukua, inayodumu miaka miwili hadi sita. Awamu fupi ya mpito, ya wiki mbili au tatu. Kisha awamu ya mapumziko, ya miezi miwili hadi mitatu. Mapumziko yakiisha, unywele wa zamani huachia na mpya huanza kuchipua mahali pale pale. Kichwa cha mtu mzima kina nywele zinazokaribia 100,000, na kwa kawaida asilimia 85 hadi 90 kati yake zimo katika awamu ya kukua. Zilizobaki zinasubiri zamu yao ya kudondoka. Ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa.

Sasa mwili upate mtikiso mkubwa: homa kali, upasuaji, uzazi, njaa, au msiba unaomnyima mtu usingizi na hamu ya kula kwa majuma. Chembe za kinyweleo ni miongoni mwa zinazogawanyika kwa kasi kubwa mwilini, kwa hiyo zina gharama. Mwili ulioelemewa unaweza kuishi bila nywele mpya, lakini hauwezi kuishi bila moyo na ubongo. Vinyweleo vingi huacha kukua kabla ya wakati na kuingia mapumzikoni kwa pamoja. Siku ya mtikiso hakuna kinachoonekana kichwani, kwa sababu unywele uliopumzika bado umeshika. Baada ya miezi miwili au mitatu mapumziko yanaisha kwa wote karibu wakati mmoja, na nywele huanza kutoka kwa viganja.

Mambo mengi katika habari hii yanategemea huo muda kati ya mtikiso na kudondoka. Unywele unaodondoka leo unaeleza hali ya mwili ya miezi mitatu iliyopita.

Tuipeleke hesabu hiyo Kyela. Bonde hili la kaskazini mwa Ziwa Nyasa hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na miezi ya Machi na Aprili ndiyo mizito kuliko yote. Mito inayoshuka kutoka milima ya Rungwe, Kiwira na Mbaka ikiwamo, hujaa; maji hutuama mashambani; mbu huongezeka na malaria pamoja nao. Wakati huo huo mchele wa mwaka uliopita umepungua ghalani, na mpunga mpya bado u shambani. Tuchukue mama wa Ipinda, huko huko Kyela, wa mfano tu. Mwezi wa Aprili amelala siku tano kwa homa, akameza dawa, akapona, akarudi shambani akiwa bado dhaifu. Juni anavuna. Julai anafumua nywele zake na nusu ya alichosuka inabaki mkononi.

Kwa nini haikumbuki homa? Kwa sababu Julai ni mwezi mzuri. Mvua imekatika, mpunga umeuzwa, chakula kipo, na yeye mwenyewe anajisikia mzima. Basi anatafuta sababu iliyo karibu: mafuta mapya aliyonunua sokoni, mkono wa msusi, maji ya kisima. Wapo pia wanaoingiwa na hofu kwamba nywele zao zimeokotwa na mtu mwenye nia mbaya, na hofu hiyo hudhuru ujirani kuliko upungufu wa nywele wenyewe. Simlaumu yeyote kati yao. Mtu hutafuta sababu ya jambo pale jambo lilipotokea, na hapa sababu iko msimu mmoja nyuma.

Uzazi hufuata kalenda hiyo hiyo kwa njia tofauti kidogo. Wakati wa ujauzito homoni ya estrojeni hupanda na kuvizuia vinyweleo vingi visiingie mapumzikoni, kwa hiyo nywele hujaa. Mama akijifungua, homoni hushuka ghafla, na zile zilizocheleweshwa hupumzika kwa pamoja. Mtoto akifikisha miezi mitatu hivi, nywele za mama hudondoka. Nyingi kati yake zilikuwa za kudondoka tangu awali, zilikawia tu. Husemwa kwamba mtoto anamnyonya mama nywele, lakini hata mama asiyenyonyesha hupatwa na hali hiyo.

Mtikiso wa ghafla hupita. Upungufu wa muda mrefu ni jambo jingine, na hapa inafaa tukae zaidi, hasa kwenye madini ya chuma. Chuma ndicho kinachowezesha chembe nyekundu za damu kubeba oksijeni, na chembe zinazogawanyika kwa kasi hukihitaji pia. Mwili huweka akiba yake. Kinapopungua, akiba hutumika kwanza na damu hupungua baadaye, kama familia inavyomaliza ghala kabla sufuria haijaanza kupungua. Kwa hiyo mtu anaweza kupimwa wingi wa damu akaambiwa uko sawa, ilhali ghala ni tupu. Wataalamu hawajakubaliana ni kiwango gani cha akiba kinachoanza kudhuru nywele, ila hawabishani kwamba upungufu wenyewe unastahili kutibiwa.

Chuma na damu hupotelea wapi pwani hii ya ziwa? Malaria huvunja chembe nyekundu. Minyoo ya safura hupenya kwenye nyayo za mtu anayetembea pekupeku katika udongo wenye unyevu na kivuli uliochafuliwa na kinyesi, na mashamba ya migomba na kakao yana unyevu na kivuli tele. Ikifika utumboni hunyonya damu kila siku. Kichocho kinachopatikana katika maji yenye konokono huvujisha damu kwenye mkojo au choo. Ongeza hedhi na mimba zinazofuatana kwa karibu. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, kwa hiyo mama wetu wa Ipinda ana wenzake wengi.

Mlo nao una neno lake. Mbalaga ya ndizi na maharage ina chuma, lakini chuma cha mimea hakinyonywi vizuri na mwili. Chai ikinywewa pamoja na chakula hukizuia zaidi, na watu wa huku wanaishi chini ya mashamba ya chai ya Rungwe, ambako kikombe hakikosekani mezani. Kuisogeza chai saa moja mbali na chakula hakugharimu chochote. Chungwa au pera baada ya maharage husaidia chuma kunyonywa, na dagaa wa ziwani huongeza chuma kilicho rahisi zaidi pamoja na protini.

Protini haiwezi kupitwa, maana unywele wenyewe umetengenezwa kwa protini iitwayo keratini. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akifanya kazi nchini Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa watoto ambao kwa Kiswahili tunauita unyafuzi. Nywele za mtoto mwenye unyafuzi huwa nyepesi, hupauka na kuelekea wekundu, na hung'oka bila maumivu. Mtoto akila vizuri msimu mmoja na vibaya msimu unaofuata, unywele mmoja huweza kuonyesha mistari myeusi na iliyopauka kwa zamu. Mtu mzima anayekula ndizi na wali tu kwa miezi hafikii hapo kwa urahisi, lakini kanuni ni ile ile.

Yapo yasiyoingia katika hesabu hii. Kipara cha wanaume hutokana na urithi, kutoka upande wa baba na wa mama pia, pamoja na homoni za kiume. Hakiletwi na kofia wala mawazo. Mapunye ya watoto ni fangasi. Kusuka kwa kubana hung'oa nywele za kwenye paji na juu ya masikio, na kukiendelea miaka mingi kinyweleo hufa kabisa. Kaswende huacha mabaka kama nguo iliyoliwa na nondo. Tezi ya shingo ikizembea, nywele huwa kavu na chache, hata nyusi hupungua upande wa nje. Nyanda za juu kusini zilijulikana kwa rovu, uvimbe wa tezi hiyo, kabla chumvi yenye madini joto haijawa ya lazima katika miaka ya 1990.

Sasa naweza kusema ninaloamini. Fedha nyingi zinazotumika kwa mafuta ya kuotesha nywele zinanunua kitu ambacho kingekuja chenyewe. Nywele zilizotoka kwa homa au uzazi kwa kawaida hurudi, na upukutikaji hukoma ndani ya miezi sita hivi. Mtu aliyebadilisha mafuta mara tatu katika muda huo atayasifu yale ya tatu. Vidonge vya vitamini navyo havimfai asiye na upungufu, na vitamini A ikizidi, yenyewe huangusha nywele. Ninachokiona cha haki kwa mama wa Ipinda ni kipimo cha damu, cha malaria na cha choo, na mtu wa zahanati atakayemuuliza habari za Aprili. Kama damu iko pungufu, vidonge vya kuongeza damu vimezwe kwa miezi, hata baada ya nguvu kurudi, kwa sababu ghala hujazwa mwishoni.

Unywele hukua kama sentimeta moja kwa mwezi. Desemba, mama wa Ipinda atakapokuwa anapanda mpunga tena, pale kwenye paji patakuwa na nywele fupi zilizosimama wima, ambazo haziwezi kusukika bado. Asizikate wala asizibane.