Pete, Mkufu na Vumbi la Kiangazi

Hapa Bukavu mvua hukoma kwa desturi mwanzoni mwa Juni, wala hairudi sawasawa mpaka Septemba. Miezi hiyo ndiyo miezi ya harusi. Shule zimefungwa, njia za kwenda Kabare, Walungu na Kaziba zapitika, ndugu walio Kinshasa na Ubelgiji wamepata likizo yao, na kila Jumamosi honi za magari ya maarusi husikika tangu Nguba hadi Panzi. Basi ndipo masanduku yanapofunguliwa. Pete, mikufu, vipuli na bangili zilizolala mwaka mzima ndani ya kitambaa hutolewa nje zikaone jua. Na ndipo pia nyingi hukwaruzwa, huibwa, huanguka ziwani, au huharibika mikononi mwa mtu aliyetaka kuzing'arisha.

Huenda msomaji mmoja atasema kwamba hayo ni mambo ya matajiri. Sisi hatudhani hivyo. Katika jimbo letu mkufu wa dhahabu ni pambo siku ya harusi, lakini siku nyingine zote ni ghala. Vita vilipoingia mjini mwezi wa Februari 2025, benki zilifunga milango, na mtu mwenye fedha katika hesabu yake hakuweza kuzigusa. Aliyekuwa na mkufu nyumbani alikuwa angalau na kitu cha kuuza. Tena kila Septemba karo za watoto hudaiwa, vita viwepo au visiwepo. Na sote twajua dhahabu huuzwa kwa uzito. Kila chembe iliyoliwa na vumbi au dawa mbaya ni unga uliopungua katika debe.

Kwanza yafaa kujua kitu chenyewe ni nini. Dhahabu tupu, ile ya karati 24, ni laini mno; pete yake ingepinda upesi katika kazi za kila siku. Kwa hiyo huchanganywa na shaba, fedha au madini mengine. Katika pete ya karati 18, sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu. Katika ile ya karati 14 ni 585. Katika ile ya karati 9 ni 375 tu. Tarakimu hizo hupigwa chapa upande wa ndani, kwa maandishi madogo sana, na mwanafunzi mwenye macho mazuri aweza kumsomea mama yake. Pasipo na chapa pana mashaka, ingawa chapa nayo yaweza kughushiwa. Vitu vingine ni shaba iliyopakwa dhahabu nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Hivyo visisuguliwe kamwe, maana anayesugua mara kumi atafika kwenye shaba. Na hapa tuseme neno moja kando: dhahabu hutoka Kamituga, Shabunda na Fizi, hupita Bukavu, huvuka mipaka, hufika Dubai, kisha hurudi kwetu ikiwa pete ndani ya kisanduku kizuri, nasi twaipokea kama mgeni.

Adui mkubwa wa kiangazi ni vumbi. Wengi hulilaumu kwa kuchafua tu, kumbe kosa lake ni kubwa zaidi. Mtaalamu wa madini aitwaye Friedrich Mohs alipanga madini katika ngazi kumi za ugumu. La chini lapata 1, na almasi yapata 10. Dhahabu tupu haifiki hata 3. Lakini zile chembe ndogo za mchanga zing'aazo, zinazopeperushwa na magari barabarani, zapata 7. Kila kilicho kigumu hukwaruza kilicho laini. Basi mtu anayeifuta pete yenye vumbi kwa upindo wa kitenge kikavu anaipiga msasa bila kujua. Mwaka wa kwanza hakuna kinachoonekana, ila mng'ao umefifia. Baada ya miaka mingi vijino vinavyoshika kito vimelika, na siku moja, katikati ya ngoma, kito hudondoka, na nani atakipata chini ya miguu mia mbili?

Kwa hiyo vumbi lisifutwe likiwa kavu, lioshwe. Maji ya uvuguvugu katika beseni, tone la sabuni laini, mswaki wa zamani wenye nywele zilizolegea; ndiyo dawa yote kwa dhahabu ya kweli. Tunasema beseni kwa makusudi, wala si bombani, wala si kwenye mto, maana pete yenye sabuni huteleza kama samaki. Tandika kitambaa ndani ya beseni, osha, suuza katika maji mengine, kisha kausha kwa kitambaa safi cha pamba. Dawa ya meno iachwe kwa meno. Majivu na mchanga, ambavyo bibi zetu walivitumia kung'arishia sufuria, vibaki huko kwenye sufuria. Tena limau walilosugulia bangili za shaba lilikuwa dawa ya akili kabisa, kwani tindikali yake huondoa kutu ya kijani. Bali ni dawa ya shaba tu, nasi tutaona sasa hivi linavyoua vito vingine.

Kuna adui mwingine ambaye hatoki barabarani, bali hukaa chupani. Maji ya javeli yafanyayo nguo nyeupe kuwa nyeupe zaidi huyala yale madini yaliyochanganywa na dhahabu. Pete haiyeyuki, lakini huwa dhaifu, na kijino cha kito hupasuka siku isiyotazamiwa. Hatusemi watu waache kunawa kwa maji ya klorini wakati wa kipindupindu, hasha! Pete ivuliwe, mkono unawiwe, pete irudi mahali pake.

Mbaya kuliko javeli ni zebaki. Katika machimbo yetu ya dhahabu, wachimbaji wadogo huichanganya na mchanga uliosagwa ili ikusanye chembe za dhahabu. Kazi hiyo huifanya kwa sababu zebaki hushikana na dhahabu mara moja inapoigusa. Lakini zebaki haichagui dhahabu ya mchanga na kuiacha ya kidoleni. Mama anayemsaidia mumewe kwenye karai, au muuguzi anayeokota zebaki ya kipimajoto kilichovunjika, atashangaa kuona pete yake ya ndoa imepauka na kuwa nyeupe kama bati, kisha yaanza kupasuka. Na hapo ndipo wengine hukimbilia kosa la hatari kweli: huiweka pete juu ya makaa ili zebaki itoke. Hutoka, naam, ikawa mvuke usioonekana, nao huingia mapafuni mwa kila aliye jikoni, hudhuru ubongo na mafigo, na huwadhuru hasa watoto na mimba. Mataifa mengi yamefungamana na mkataba uitwao wa Minamata, unaotumika tangu 2017, ili kupunguza sumu hiyo. Pete iliyopauka namna hiyo ifungwe ndani ya chupa yenye kifuniko, iwekwe nje ya nyumba, isipashwe moto. Ni afadhali kuipoteza pete. Na kwa kuwa baadhi ya mafuta ya kuchubua ngozi yana zebaki pia, basi wapenda mafuta hayo wamepata sababu nyingine ya kuyatupa.

Sasa twende ziwani, maana wakati wa likizo nani haendi? Kidole si kijiti; hunenepa na kukonda. Mtu akishuka kutoka Bukavu, penye mita karibu 1,500 juu ya usawa wa bahari, hadi Uvira, penye mita 770 na jua kali, vidole vyake huvimba na pete humbana. Asiivute kwa nguvu, asikimbilie kuikata. Ainue mkono juu kwa dakika chache, aupoze kwa maji, apake sabuni. Kinyume chake, akiingia katika maji ya baridi ya Ziwa Kivu, kidole husinyaa, na pete iliyokaa vizuri asubuhi huteleza yenyewe. Mahali pengi ufuko wetu hushuka ghafula, na katikati ziwa lina kina kinachozidi mita 470. Yeyote anayeogelea na pete ya ndoa amekwisha kuitoa sadaka nusu.

Vito vina tabia zao. Malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari litokalo Katanga, ambalo wasafiri hupenda kuwaletea wake zao, lina shaba ndani yake, nalo ni laini. Tone la limau huchemka juu yake na kuacha doa lisilofutika. Jasho na manukato hulififisha polepole. Lipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, basi. Lulu nayo huliwa na tindikali. Ndiyo maana mwanamke mwenye busara huivaa mwisho, baada ya mafuta na manukato kukauka, na huivua kwanza. Ametisti ya zambarau ikiachwa kwenye kioo cha dirisha, juani, siku nyingi, rangi yake hupauka. Fedha huwa nyeusi kwa sababu ya salfa, iliyomo katika mayai, vitunguu na hata mipira ya kufungia. Ikifungwa vizuri katika kitambaa hukawia kuwa nyeusi, na weusi wenyewe si ugonjwa.

Pembe ya ndovu twataka kuizungumzia zaidi kidogo, maana wako wazee wenye bangili za zamani. Hewa kavu huifanya pembe ipasuke. Warega walilijua jambo hilo zamani. Sanamu na vyombo vya pembe vya chama cha Bwami, ambavyo wakubwa wa daraja la kindi walivitunza, vilipakwa mafuta na kupapaswa mara kwa mara, hata vikapata ile rangi ya asali inayoonekana leo katika nyumba za makumbusho huko Ulaya. Mwenye bangili kama hiyo aiweke mbali na jua na mbali na jiko. Lakini asiichukue safarini kumzawadia mtoto aliye ng'ambo: tangu 1990 biashara ya pembe kati ya nchi na nchi imekatazwa, na forodhani watamnyang'anya, kama hawatamtia katika kesi.

Yafaa pia tuseme juu ya sonara. Wako waaminifu wengi. Hata hivyo, kabla ya kumwachia pete ili aipanue au aunge mkufu, ipimwe kwenye mizani mbele yake, uzito uandikwe katika daftari pamoja na chapa iliyo ndani, na ipimwe tena siku ya kuichukua. Sonara mwaminifu hatachukizwa. Daftari hilohilo lina faida nyumbani pia: mume na mke waandike humo kila kitu walicho nacho, ili mmoja akifa au wakitengana kwa vita, mwingine ajue kilichokuwapo. Na katika soko la Kadutu au juu ya pikipiki, mkufu ukae chini ya nguo, au afadhali ubaki nyumbani.

Mwisho kuna moto. Katika mitaa ya nyumba za mbao zilizobanana, kiangazi ndicho wakati wake. Cheche moja na upepo wa Julai hutosha kumaliza nyumba nyingi. Lulu huharibika, malakiti hugeuka kuwa nyeusi, lakini dhahabu haiungui. Dhahabu tupu huyeyuka kwa joto la digrii 1,064, ile iliyochanganywa huweza kuyeyuka kabla ya hapo, kisha huganda tena chini ya majivu ikiwa kidonge kisichopendeza, lakini uzito wake haukupotea. Kwa hiyo, watu wakiisha kuokolewa, na majivu yakiisha kupoa, wasiruhusu mtu kuyafagia na kuyatupa bondeni. Wakumbuke kabati lilisimama wapi, wachote majivu ya mahali pale na udongo wa chini yake, wayatie katika karai lenye maji, wayatikise kwa kuzungusha na kumwaga kidogo kidogo maji ya juu pamoja na kilicho chepesi, kama wafanyavyo wachimbaji wa Kamituga. Dhahabu tupu ni nzito mara 19 kuliko maji. Hata iliyochanganywa itabaki chini.