Usiku wa mwenye kisukari

Katika mitaa mingi ya Uvira choo kiko nje, na usiku watu huweka ndoo ndani. Ndoo hiyo ina habari za kumpa muganga. Mtu mzima akiamka mara moja kukojoa, si neno. Aliyeanza kuamka mara tatu au nne, mkojo mwingi kila safari, kisha akanywa maji na kurudi kulala kinywa kikavu, apimwe sukari. Sukari ya damu ikipita kama miligramu 180 kwa desilita, figo hushindwa kuirudisha yote mwilini. Hutoka na mkojo ikivuta maji. Kiu hufuata mkojo. Kumnyima mgonjwa maji ya jioni, kama wengi wanavyofanya, ni kumkausha zaidi.

Joto la Uvira, kando ya ziwa, huficha mengi, maana kila mtu hapa hunywa maji usiku. Mzee anayeamka mara nyingi na kutoa matone tu huenda ana shida ya tezi dume. Sukari hujaza ndoo. Nyayo zinazowaka usiku kama zimepakwa pilipili nazo ni dalili.

Jasho ni habari nyingine. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi, akalala bila bugali, anaweza kuamka anatetemeka, nguo zimelowa, ametoka kwenye ndoto mbaya. Nyumba nzima itasema malaria, kumbe huenda sukari imeshuka chini ya 70. Kama anameza vizuri, apewe kwanza vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, kisha chakula. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitalini.

Ninayemhofia zaidi ni mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena, amekonda, anatapika, anapumua kwa nguvu. Uvira imezoea kipindupindu, basi mawazo hukimbilia huko. Lakini wa kipindupindu huharisha maji, na akikauka mkojo hupungua. Huyu wa sukari amekauka na bado anakojoa. Kabla ya 1922, insulini ilipoanza kutumiwa kwa wagonjwa huko Toronto, mtoto wa namna hii alikuwa wa kuzikwa. Leo anaweza kuokolewa, ila asingojeshwe mpaka asubuhi. Muuguzi akitaka kuanza na kipimo cha malaria, sawa. Kidole kikishatobolewa, aombwe tone la pili la kupima sukari.