Miezi ya Kwanza Ugenini London

Wengi wetu tuliokwenda London kwa kazi au kuwafuata waume tulijiandaa kwa baridi. Kilichotushtua zaidi ni giza na ukimya. Mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Mji una watu wapatao milioni 9, lakini ndani ya treni hakuna anayekuamkia. Si chuki, ndiyo desturi yao.

Mama aliyezoea kujuliwa hali na majirani huweza kuanza kukosa usingizi, kulia ovyo, hata kumchoka mtoto wake. Sisi wauguzi twajua kwamba huo si upungufu wa imani. Ni dalili zinazohitaji tiba. Basi, mapema kabisa jiandikishe kwa daktari wa mtaa, ni bure. Mwenye mtoto mchanga hutembelewa nyumbani na muuguzi: mweleze yote, usione haya. Kwa kuwa jua ni hafifu, watu wazima hushauriwa kutumia mikrogramu 10 za vitamini D kila siku majira ya baridi. Sisi wenye ngozi nyeusi, mwaka mzima.

Kisha tafuta kanisa, na usingoje kualikwa chai. Alika wewe. Ruthu alikuwa mgeni Bethlehemu, lakini alitoka kwenda shambani.

Nanyi mlio nyumbani, binti yenu akipiga simu, msianze na habari za fedha. Mwulizeni kwanza: "Mwanangu, unalala?"